Mimba ya Karani Bado Sana

Ndugu Mwenyekiti wa Wapangaji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na mama watoto. Mimi sijambo, ila moyo umechafuka, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kuvuka ua na kukugongea mlango. Nikigonga utanikaribisha chai, nitakunywa, nitasahau. Safari hii sitaki kusahau.

Kama ujuavyo, fundi viatu wa chumba cha langoni ana mbwa jike, tuliyempa jina la Karani kwa sababu hukaa langoni na kumkagua kila anayeingia. Karani ni mjamzito. Na hilo sina ugomvi nalo. Nimeishi na wajawazito maisha yangu yote ya kazi. Ugomvi wangu ni na wapangaji wako, ambao wamepotewa na akili, nawe ukiwa mbele yao. Malalamiko yangu ni haya:

1. Haraka. Mimba ya Karani ina miezi miwili. Miwili, Mwenyekiti! Mwanamke mwenye mimba ya umri huo hata mama mkwe huwa hajaambiwa. Lakini ua mzima uko mbioni kana kwamba mtoto ameshachungulia. Nilimwonya fundi viatu kwa upole kwamba atulie, bado miezi saba. Alicheka mpaka misumari aliyoibana midomoni ikamwagika, akasema, "Mama, mbwa ni miezi miwili tu, basi." Nani kamwambia? Mteja. Mtu aliyekuja kubandikiwa soli! Mimi nimezalisha hadi nikastaafu, na sijaona hata siku moja mimba ya miezi miwili ikafika salama. Sitaanza kuamini leo kwa sababu ya mtu wa soli.

2. Kasha. Wametengeneza kasha la mbao chini ya ngazi, mahali palipokuwa pa kiti changu cha alasiri. Upande mmoja wameukata uwe mfupi, ili mama aingie na kutoka bila kujikwaruza chuchu, na ndani wamezungushia ubao ili watoto wajibanze hapo asije akawalalia. Ni kazi nzuri, siwezi kukana. Lakini kiti changu sasa kiko karibu na pipa la taka. Tena kuna amri ya kimya: redio chini, watoto wasikimbie, mtu asitwange kitu mchana. Mimi nilipojifungua binti yangu, jirani alikuwa juu ya paa anapigilia mabati, na hakuna aliyemwambia ashuke.

3. Matambara. Juzi nikiwa dirishani nilimwona fundi cherehani akivuka ua kuja upande wangu, nikajua hatimaye wamekumbuka. Nilivaa miwani, nikafunga kilemba upya, nikatandika kitambaa mezani. Nilikuwa tayari kabisa. Ningeanza na habari ya usafi wa mikono. Kumbe alitaka shuka kuukuu za kumtandikia mbwa. Nilimpa mbili. Alishukuru, akaenda zake, nami nikabaki nimekaa na kilemba changu kama mtu aliyeachwa na basi. Iliniuma, Mwenyekiti. Sioni sababu ya kukuficha.

4. Mkutano. Daktari wa mifugo alipokuja, yule kijana mwenye kucha fupi (kwa kucha nilimkubali), alimpima Karani joto mahali ambapo siwezi kupaandika katika barua kwa mwenyekiti. Akasema joto likishuka ghafla, mjue kazi imefika. Kisha akauliza ni nani watakuwepo siku hiyo. Fundi viatu akajitaja. Fundi cherehani akasema taulo za kuwakaushia watoto ni juu yake. Wewe ukanyoosha mkono, ukasema utakuwa msimamizi mkuu.

Wewe! Wewe uliyekuja duniani ukitanguliza miguu, ukamtesa mama yako tangu alfajiri hadi adhuhuri, na mikono iliyokutoa ndiyo hii inayokuandikia. Nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo yangu. Nilichoambiwa ni hiki tu: "Mama, sogea kidogo, unatuzibia mwanga." Nikasogea.

5. Karani mwenyewe. Mbwa huyu hana adabu. Kasha lake halitaki. Tangu jana amesusa chakula, anahema, anakwangua mlango wangu, na nikiufungua tu anajipenyeza chumbani. Namtoa, anarudi. Ananitazama kwa macho ninayoyafahamu, macho ya mtu anayetaka ashikwe mkono, ilhali anajua fika kwamba nimestaafu. Huo ni uchokozi, na naamini ametumwa.

Kwa hiyo naomba maandalizi yote yasimame mpaka mimba itimize miezi saba. Kiti changu kirudi chini ya ngazi. Na mwenye mbwa amfunge mbwa wake.

Usipochukua hatua, nahama. Binti yangu kila akipiga simu ananiita nikakae kwake, nipumzike, nisiguse chochote. Ameniandalia chumba chenye televisheni. Wazo hilo silipendi, nakwambia kweli, hata naliogopa. Lakini kama ni kukaa bila kazi, basi heri nikakae mahali ambapo hakuna mimba, kuliko hapa ambapo ipo na napitwa nayo. Sanduku nimeshalipanga. Liko wazi kando ya kitanda, na juu kabisa nimeweka sare yangu nyeupe ya kazi. Binti anakuja na gari Jumamosi.

Nisalimie mama watoto. Nisalimie na pacha wako, ambao walitanguliza vichwa kama watu wenye heshima zao, kinyume cha baba yao. Wasalimie wapangaji wote, hata fundi viatu, hata fundi cherehani, na mwambie shuka zangu azifue kabla ya kuzirudisha.

Ni mimi mwenye masikitiko,
Mkunga mstaafu,
Chumba cha mwisho, karibu na bomba.

Nyongeza: Barua hii imechelewa kidogo kwa sababu nilipokuwa nalamba bahasha, Karani aliingia sandukuni. Wako sita. Wa nne alitanguliza miguu. Nikasubiri mama yake asukume, nikamvuta taratibu. Hakulia. Nikamsugua kwa mkono wa sare yangu, nikamsugua tena, mpaka akalia, na mimi nikalia. Nimempa jina la Mwenyekiti, usichukie.

Usije ukadhani nimeshindwa katika hoja yangu ya kwanza. Mimba ilikuwa ya miezi miwili, kwa hiyo watoto hawa ni njiti, wametoka kabla ya siku zao kwa miezi saba mizima. Njiti hawahamishwi, na mkunga wao haondoki mpaka hiyo miezi saba iishe. Hapo ndipo tutaangalia hali yao upya. Mwambie daktari aje, lakini anawe mikono na agonge kwanza. Fundi cherehani alete taulo, fundi viatu alete chakula cha mzazi, nawe, msimamizi mkuu, chemsha maji. Kiti changu kiacheni hapo hapo kwenye pipa, sina nafasi ya kukikalia.

Na tafadhali, mwanangu, mpigie binti yangu simu sasa hivi. Mwambie asije Jumamosi. Sanduku lina watu.