Malalamiko Dhidi ya Fundi Redempta na Usalama Wake

Kamati ya Zana na Mitambo,
Kijiji cha Ujamaa Mwangaza,
karibu na Mgori,
Singida.
Agosti, 1975

Kwa Ndugu Mhandisi wa Maji,
Singida Mjini.

YAH: FUNDI BOMBA NDUGU REDEMPTA NA USALAMA WAKE

Ndugu Mhandisi,

Pokea salamu za wanakijiji wa Mwangaza. Sisi huku wote ni wazima, hakuna aliyeumia, na hilo ndilo linalonilazimu kukuandikia.

Mimi ni Antipasi Mughwai, mwenyekiti wa Kamati ya Zana na Mitambo ya kijiji hiki. Tangu tulipohamia hapa tumekuwa tukichimba mtaro na kulaza mabomba kutoka kisima kirefu hadi mbele ya zahanati. Fundi wetu wa kwanza alikuwa mtu mwema asiye na maswali. Alipostaafu, ofisi yako ikatuletea huyu Ndugu Redempta, binti wa Kilimatinde, akiwa na cheti cha ufundi, sanduku lenye kufuli, na mashine mpya ya umeme ya kukata meno kwenye ncha za mabomba ili yaungane, pamoja na jenereta yake. Mashine tuliipokea kwa ngoma. Fundi naye tulimpokea kwa ngoma hiyo hiyo, kwa kuwa walifika kwa gari moja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ameleta matabaka kati ya zana.

Kabla hajafika, zana zetu ziliishi kijamaa. Ile spana kubwa ilikaza mabomba asubuhi, mchana ikapigilia vigingi vya zizi, na jioni ikavunja mifupa ya supu nyumbani kwangu. Bisibisi ilifanya kazi ya patasi, na patasi ilifungua mikebe ya rangi. Hakuna chombo kilichosema kazi hii si yangu. Siku aliyoanza kazi, fundi alipita nyumba kwa nyumba na toroli akikusanya kila kitu. Hata jikoni kwa mke wangu Sara aliingia, akatoka na spana. Akaipangusa mafuta ya supu, akayatazama meno yake, akaniambia, "Ndugu Mwenyekiti, meno yameliwa. Hii ikiteleza wakati mtu anakaza kwa nguvu zake zote, itamrudia usoni."

Nikamwambia kwamba hata meno yangu yameliwa na bado nakula. Hakucheka.

Tangu hapo nyundo ni nyundo na patasi ni patasi. Tupa ya kusugulia chuma imetiwa mpini wa mti, eti mkia wake mtupu unaweza kumchoma mtu kiganjani. Seremala alishinda akichonga mipini ya tupa, majembe yakisubiri zamu. Nauliza kwa heshima, kama sisi sote ni sawa, tupa imepata wapi cheo?

2. Ameharibu ushujaa wa mdogo wangu.

Mdogo wangu Filipo alipoteza kidole mwaka jana akikaza bomba. Bomba lilikuwa gumu, hivyo fundi wa zamani akachomeka kipande kirefu cha bomba kwenye mpini wa spana ili nguvu iongezeke. Nguvu iliongezeka. Spana iliachia, ikaruka, na kidole cha Filipo kikabaki kati yake na jiwe.

Ndugu Mhandisi, kijiji hakikumtupa. Jina lake lilisomwa mkutanoni akapigiwa makofi, na uchaguzi ulipofika alipata ujumbe wa kamati bila kupingwa, kwa sababu kila alipoinua ule mkono watu walikumbuka.

Fundi Redempta alipomwona aliushika mkono, akaugeuza, akauliza ilitokeaje. Filipo akaeleza kwa fahari kama kawaida yake, hadi mlio wa spana aliuiga. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole sana, kaka. Haikuwa lazima."

Filipo akauvuta mkono wake, akautia mfukoni. Jioni alikuja kwangu, akakaa mlangoni bila kuingia. Akaniuliza, "Kaka, ni kweli haikuwa lazima?"

Nikamwambia taifa halijengwi kwa maswali ya namna hiyo. Lakini tangu siku ile hasimulii tena habari za kidole, na mtu akianza kumpigia makofi anaondoka. Nani atamrudishia mdogo wangu ushujaa wake? Ofisi yako ina fungu la jambo hilo?

3. Alituzuia kufanya kazi majini.

Masika mvua ilijaa mtaroni. Sisi tulitaka kuendelea kutoboa ukuta wa tangi kwa keekee ya umeme, tukiwa tumesimama humo humo, maji magotini, kwa kuwa tulikuwa tumeahidi kumaliza mapema. Fundi akauinua waya wa keekee, akatuonyesha mahali ulipochubuka hadi shaba inaonekana. Akasema umeme ukikutana na maji haumwulizi mtu kadi ya chama. Kisha akazima jenereta.

Tulishinda tukiteka maji kwa ndoo. Fikiria, watu wa Singida, ambao tukiona maji mahali tunakimbilia chombo, tunaambiwa maji ni hatari. Wanawake waliyachukua wakamwagilia bustani, bustani zikatoa mchicha, na sasa wanasema fundi huyu ndiye aliyeleta mchicha. Ndivyo uvumi unavyoanza.

4. Amekata blanketi la mkwe wangu.

Hapa naomba usome polepole.

Wageni walikuja kutoka mjini kuitazama mashine. Nilipanga kwamba mkwe wangu, Mzee Naftali, baba yake Sara, aiwekee mkono inapoanza kuzunguka, iwe kama baraka. Mzee alifika amejivika begani blanketi lake la sufu, fundo shingoni, pindo likining'inia hadi magotini. Kwa kweli alipendeza.

Fundi akamwendea, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, babu. Naomba nikushikie blanketi mpaka mashine isimame."

"Marahaba. Blanketi hili halishikwi na mtu."

"Basi, babu, naomba utazame ukiwa huku, nyuma ya kamba."

Mzee hakusogea. Fundi naye akakataa kuiwasha mashine. Alisimama tu, mikono kifuani, kama mtu anayengoja mvua ipite. Wageni walikuwa wameanza kutazama saa zao. Nikaona huu ndio wakati ambao mwenyekiti huwekwa kwa ajili yake, nikaenda nikabonyeza swichi mwenyewe.

Mashine ilianza vizuri. Bomba likazunguka, Mzee akainama kuweka mkono, na pindo la blanketi likanaswa na bomba, likaanza kujiviringisha. Mzee akavutwa. Mimi nilikuwa na mkono kwenye swichi, lakini nakueleza kama mtumishi mwenzangu kwamba sikujua ya kuzimia ni ipi. Nilisikia sauti ya Sara kutoka upande wa wanawake, sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba yangu. Fundi alinisukuma kwa bega, akazima, akachomoa kisu akalikata blanketi pale lilipokaza chini ya kidevu cha mzee. Alipomaliza, alikirudisha kisu mfukoni, akaikagua shingo ya mzee.

Malalamiko yangu ni kwamba blanketi limekatwa, na kwamba mwenyekiti alisukumwa mbele ya wageni. Fundi hajaomba radhi kwa lolote kati ya hayo. Mzee alikaa chini, akajishika shingo, akaitazama mashine, kisha akanitazama mimi. Mpaka leo hajanisemesha. Fundi akipita, yeye ndiye anayeanza, "Umeamkaje, mjukuu wangu?" bila hata kusubiri shikamoo. Mimi nikienda kumpa shikamoo, naitikiwa na mbuzi. Na Sara hunipakulia chakula akiangalia ukutani.

5. Hakuna tena anayeumia.

Ndugu Mhandisi, hili ndilo kubwa kuliko yote. Tangu binti huyu ashike kazi hatujapata hata ukucha uliopondeka. Watu wanavaa miwani kukata chuma. Wanavaa viatu mtaroni. Bomba linabanwa kwenye jiriwa, wakati mwanzoni lilishikwa na ndugu yako. Mganga msaidizi wa zahanati ameanza kulima vitunguu. Mkutanoni, tunapofika kwenye kipengele cha kuwasoma walioumia, katibu hutazama karatasi, hukohoa, kisha tunaendelea na mengineyo.

Sasa watoto wetu watakapouliza ni nani waliojenga kijiji hiki, tutawaonyesha nini, mikono yote ikiwa mizima? Nani atatuamini kwamba tulifanya kazi? Naogopa, ndugu, kwamba usalama ukiachwa uenee, watu watazoea kurudi nyumbani jioni kama walivyotoka asubuhi, na baada ya hapo hawatakubali tena kufanya kazi kwa namna nyingine. Leo watakagua mpini wa nyundo. Kesho watakagua mpini wa jembe. Keshokutwa watataka kukagua kamati.

Kwa sababu hizo naomba fundi huyu ahamishwe, tena mbali. Ikishindikana, naomba itolewe amri kwamba usalama uwahusu vibarua na vijana. Wajumbe wa kamati waupokee kwa hiari. Na mwenyekiti asiguswe nao kabisa. Mashine ziarifiwe hivyo kabla ya kuletwa vijijini.

Nisalimie wahandisi wote, makarani, mpiga chapa, na yule mzee wa getini aliyenipa kiti nilipokuja mara ya mwisho. Nyumbani pia salamu zifike. Nakutakia kazi njema na mabomba yasiyovuja.

Wako mtiifu, mwenye uchungu na zana za umma,

Antipasi Mughwai
Mwenyekiti

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii gari la ofisi yako lilipofika na karatasi ya uhamisho. Kumbe huko Kinyangiri wamepata mashine kama yetu, na wamemwomba Redempta. Karatasi imesainiwa na wewe mwenyewe, kabla hata sijalalamika. Nilifurahi, nakwambia kweli. Nilifurahi mpaka tulipofika kwenye makabidhiano.

Fundi aliisoma karatasi, akasema, "Sawa." Akaniita kwenye mashine, akachukua mkono wangu akauweka kwenye swichi. "Hii nyekundu ndiyo ya kuzimia. Bonyeza. Tena. Sasa bonyeza bila kuangalia." Nikabonyeza. Akasema, "Haya, Ndugu Mwenyekiti. Sasa ni wewe." Akaenda kufunga mizigo.

Nikaamuru kazi iendelee, ili dereva aone kwamba kijiji hakisimami kwa ajili ya mtu mmoja. Jenereta ikawashwa. Watu wakashika nafasi zao, wakanitazama. Sara alikuwa karibu na bomba, na ncha ya kanga yake ilikuwa inapeperuka. Nikamwambia aikaze. Akaikaza, na akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ya wageni. Nikataka kubonyeza, nikaona Filipo amesimama upande usiofaa. Nikamwambia asogee. Nikataka kubonyeza tena, nikajiuliza kuna nani mwingine ambaye sijamwona. Ndugu Mhandisi, nilisimama pale mpaka jasho likaniingia machoni, na sikubonyeza. Nilikuwa nikihofia watu wangu. Sikujua kwamba fundi alikuwa akisimama hivi kila siku.

Nikazima jenereta, nikaenda nyumba anayokaa fundi. Nikamkuta Mzee Naftali amekaa juu ya sanduku la nguo la fundi, amekataa kuinuka, na dereva ameshachoka kumbembeleza. Nami nikakaa, upande wa pili wa sanduku. Mzee akasema, bila kunitazama, "Umekuja."

"Nimekuja. Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kwa hiyo, Ndugu Mhandisi, malalamiko yote niliyoandika hapo juu ni ya kweli na sifuti hata moja, ila naomba yasishughulikiwe. Fundi abaki. Ndugu zetu wa Kinyangiri wasidhani tunawanyima: walete watu wao hapa wajifunze, tutawapa pa kulala na chakula, na Redempta akishaona kwamba wanaweza, ataenda nao siku chache kuwafungia mashine yao kisha arudi. Yeye mwenyewe nimemwuliza kama anakubali. Alinitazama kidogo, akasema atakubali nikianza mimi kuvaa viatu. Nimeazima vya Filipo.

Ningeandika barua nyingine iliyo safi, lakini karatasi za ofisi zimekwisha, na dereva anataka kuondoka kabla jua halijawa kali. Hata hivyo hajaondoka. Fundi ameona nati ya gurudumu la nyuma imelegea, amechuchumaa kando ya gari na spana, na amesema hakuna anayepanda mpaka amalize. Dereva anamhimiza afanye haraka. Nimemwambia dereva amwache.