Kiti Changu cha Kustaafu Kirudishwe

Dishon Oyaro (Mstaafu),
Nyuma ya soko, Ndhiwa.

Kwako Chifu wetu,

KUH: KITI CHANGU, PAMOJA NA WATU KUFA OVYO

Mheshimiwa, pokea salamu zangu na za mke wangu Awino, ambaye amenikataza kuandika barua hii.

Kama unavyojua, nilikuwa afisa wa mifugo, kazi yangu kuwatia ng'ombe mimba kwa mrija kutoka hapa hadi Sori. Sikuwa hodari sana. Wako ng'ombe walioniangalia tu wakakataa kushika. Nilipostaafu mapema, meno yote yakiwa bado kinywani, wenzangu walinizawadia kiti cha mbao chenye mito na pa kuegemeza mikono, nikae kibarazani nipumzike. Mpango wangu wa kustaafu ulikuwa hicho kiti. Sikuwa na mwingine. Sasa malalamiko:

1. Kiti chenyewe sijakikalia. Wiki niliyokileta palitokea msiba kwa jirani, vijana wakaja kuazima viti. Walipokiona, wakasema hiki ni cha askofu. Tangu hapo kimekaliwa na maaskofu, wanasiasa, na shemeji mmoja mnene wa marehemu, kutoka Kehancha, aliyekivunja mkono. Mimi nyumbani nakalia ndoo ya kukamulia.

2. Nilikifuata. Nikakuta kamati ya mazishi imeketi, na kwa kuwa nilisimama (nikae wapi?), wakadhani nataka kusema. Nikachaguliwa mwenyekiti. Nilipojitetea, Damaris, kiongozi wa akina mama, akaniuliza mbele ya watu: "Sasa Jaduong', mzee wetu, ukikataa, unaenda kufanya nini nyumbani?" Nikapokea daftari la michango. Jibu bado ninalitafuta.

3. Siku hizi hakuna anayezikwa bila mimi. Miaka yote nilisimamia mlango wa kuingilia duniani, japo wa ng'ombe. Sasa mmenihamishia mlango wa kutokea bila hata barua ya uhamisho. Ijumaa matanga, Jumamosi mazishi, Jumapili tunakutana kulaumiana kuhusu nyama.

4. Hapa ndipo naomba serikali iingilie kati. Watu wa kata hii wanakufa bila mpangilio. Msimu wa mvua walifuatana kama walio kwenye foleni, wawili Jumamosi moja, ng'ambo mbili za mto, na mwenyekiti mmoja mwenye buti moja la mpira. Naomba yeyote anayekusudia kufa apitie ofisini kwako kwanza apewe tarehe.

5. Akishapewa, aiheshimu. Habari zilitufikia kwamba Mzee Omanga ametutoka hospitalini. Tukaunda kamati, tukaagiza tenti na spika. Kesho yake jioni akashuka kwenye bodaboda, ana njaa. Badala ya kutuomba radhi, aliingia kikaoni, akakaa kwenye kiti changu, akapinga fahali tuliyemchagua wa kuchinjwa mazishini mwake: eti ni mdogo mno kwa mtu wa hadhi yake. Tukapiga kura. Akashinda. Sasa fahali mkubwa yuko kwangu, analishwa na mimi, anamngojea Omanga, na Omanga kila akipita anamkagua na kusema bado hajanenepa.

Kwa hivyo naomba kiti kirudi, nami niondolewe katika kila kamati ya mazishi, leo na hata milele, ikiwemo ile ya kwangu mwenyewe.

Nisalimie nyumbani kwako, wazee wa mitaa, na wote walio hai. Waombe wabaki hivyo hivyo, angalau hadi wiki ijayo.

Ni mimi ninayekuandikia nikiwa nimesimama,
Dishon Oyaro

N.B. Kabla sijaituma barua, Damaris amekirudisha kiti, mkono umepigwa msumari. Nimekikalia tangu asubuhi. Ni kiti kizuri. Nimewaangalia kuku. Kuku nao wameniangalia. Kabla ya chai Awino akapita akaniambia, bila hata kusimama, kwamba nyanya wa akina Bravin, wale wa ng'ambo ya mto, amefariki, kamati ilikaa jana, na mwenyekiti ni Mwalimu Monari, aliyestaafu juzi tu! Monari, Chifu, ambaye hajui hata mlango wa tenti unaelekezwa wapi! Na hakuna aliyeniita. Tafadhali irarue barua hii. Ukimwona Monari, mwambie ninakuja, na kiti ninakileta mwenyewe, kichwani.