Ombi la Kurudishiwa Joto Garini

Kwa Shemeji, Fundi wa Viyoyozi na ndugu wa tumbo moja wa mke wangu,

YAH: KUNG'OA KIYOYOZI ULICHOKITENGENEZA VIZURI

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Natumai kidole ulichokibana kwenye feni kinaendelea kupona. Sisi huku tu wazima ila tunatetemeka, na sababu ni wewe.

Ni kweli nilikuomba mwenyewe, kwa kinywa changu, ufufue kiyoyozi cha gari letu kuukuu la kulala, lile lenye kitanda, jiko na sinki, ambalo nilioa nikiwa nalo. Kilikuwa kimekufa miaka kumi na tisa. Ulilala chini ya gari wiki tatu, ukatoa kiota cha panya kwenye njia ya hewa, ukafunga mkanda mpya na kompresa uliyoitoa kwenye gari bovu la wagonjwa, ukajaza gesi. Kazi yako haina dosari, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Miaka yote hiyo tulisafiri madirisha wazi. Upepo ulivuma mle ndani hata ukipiga kelele husikiki. Mke wangu akisema jambo, mimi nilijibu "Ndiyo, mama," tukaendelea. Majirani waliniuliza siri ya ndoa isiyo na ugomvi, nami nikawa natoa nasaha bila haya. Sasa madirisha yamefungwa na ndani kimya kama maktaba. Kabla hatujamaliza kilomita arobaini nilikuwa nimegundua kwamba nilikubali jiko letu la nyumbani lipakwe rangi ya zambarau (nilidhani fundi rangi alikosea nyumba), na kwamba mimi ni katibu wa ukoo wenu, mwaka wa sita huu. Kumbe ndiyo maana kila kikao kikifunguliwa mnanitazama. Mimi nilikuwa natabasamu tu.

2. Mama mkwe, ambaye ni mama yako. Zamani alitusindikiza hadi kituo cha mafuta cha kwanza, joto likamshinda, akateremka na kurudi kwa basi. Nililiheshimu sana joto lile. Sasa hateremki. Hata gari likiwa limeegeshwa uani yumo, kajifunika shali, injini inanguruma, anapokea wageni. Juzi nilipiga hodi kwenye gari langu mwenyewe, nikaambiwa nifunge mlango upesi, baridi inatoka.

3. Nina mafua. Mwezi wa joto kuliko yote, Shemeji, na mimi nina mafua.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu; hayo mengine yalikuwa kukohoa tu kabla ya kusema. Jumapili ya wiki iliyopita tulipopanda mlima mrefu, dada yako aliniuliza: "Hivi ungerudishiwa ujana wako, ungenioa tena?" Kumbe huniuliza hivyo kila safari, palepale mlimani, na kila safari nimemjibu "Ndiyo, mama" bila kusikia hata neno moja. Safari hii nilisikia. Mimi, na tumbo langu hili, kuna mtu bado anataka kujua! Nikatafuta jibu linalomstahili kilomita mbili nzima. Nilipolipata, alikuwa ameshageukia dirishani. Leo ni siku ya tisa hasemi nami. Huniachia vikaratasi mezani: "Chai ipo."

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, ufungue mkanda, utoe gesi, na kile kiota cha panya, kama bado unacho, ukirudishe mahali pake. Joto likirudi tutafungua madirisha, ataniuliza tena, nami nitajibu papo hapo kama mume anavyopaswa. Ukikataa, nitavunja vioo vyote kwa mkono wangu, na kwa kuwa mimi ndiye katibu, nitaandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba umevivunja wewe.

Nisalimie mkeo, watoto, na mafundi wenzako wote, hata yule aliyeshauri gari hili ligeuzwe banda la kuku.

Ni mimi, nipigaye chafya,
Mume wa dada yako (hadi sasa)

Nakala: Mama mkwe (asipewe)

Nyongeza: Usije. Barua hii niliisahau kwenye dashibodi nilipokwenda kutafuta bahasha, na dada yako akaisoma yote. Niliporudi nilimkuta kakaa kiti cha mbele, kapandisha kioo hadi juu. Akafungua kinywa, nami sikungoja amalize, nilisema "Ndiyo!" kwa sauti iliyomwamsha mama mkwe kule nyuma. Kumbe alikuwa anauliza kama mama anaweza kukaa nasi moja kwa moja. Tulicheka hadi machozi. Halafu akauliza lile la mlimani, nami nikalijibu taratibu, nikiwa nimelisikia lote. Nimefurahi, Shemeji, siwezi kukuficha. Basi njoo tu uongeze gesi. Mama anasema baridi haifiki vizuri kitandani kwake, na sasa namsikia.