Barafu Kati ya Mgongo Wako na Tumbo Langu

Rwamishenye, Bukoba
18 Novemba

Kwa Baba Mdogo Mujuni,
Kishanda, Muleba.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAJI BARIDI UNAYOBEBA KWENYE PIKIPIKI

Kasinge waitu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na pikipiki imezimwa, maana ni ndefu. Mimi Evelyne, mtoto wa kaka yako Karugendo, nipo hapa kwa Shangazi Jovita naendelea na kidato cha tatu. Nakuandikia rasmi kwa sababu mambo mazito siyaonei aibu kuyaandika, ila kuyasema.

Nimesikia kwamba Bibi hajabadili uamuzi wake wa mwezi wa sita. Shule ikifungwa Desemba nipande basi, na wewe usinibebe tena. Baba amekubali, kama anavyokubali kila kitu anachosema Bibi. Shangazi anasema wewe mwenyewe hukujitetea hata kidogo. Kabla jambo hili halijafungwa moja kwa moja, naomba nisikilizwe, kwa kuwa abiria ni mimi.

1. Kuhusu tumbo. Kila unapokuja kunichukua, Shangazi hugandisha dumu la lita tano kwa siku mbili. Wewe hulivika gunia bichi, ukalizungushia majani makavu ya migomba, ukakaza kamba, kisha ukaliweka katikati yetu kwenye kiti na kuniambia nilikumbatie kama mdogo wangu. Mdogo wangu hana baridi ile. Tukifika Kyetema silisikii tumbo. Tukifika Kemondo nimeshasahau kama niliwahi kuwa nalo. Kwenye Fizikia tulifundishwa kwamba joto hutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi, na mwalimu akauliza nani ana mfano kutoka maishani. Mimi nilikuwa nao. Sikunyoosha mkono.

2. Kuhusu hali ya hewa. Baba Mdogo, hapa si Dodoma. Safari ya mwezi wa nne tulinyeshewa kuanzia Muhutwe hadi Muleba. Tulijibanza kwenye kibanda cha wauza ndizi, maji yanatutiririka mpaka ndani ya viatu, meno yangu yanagongana, na wewe ukaniuliza kwa upole kama nina kiu.

3. Kuhusu watu. Ungekuwa unakunywa peke yako ningevumilia. Lakini hukubali kumpita mtu unayemjua bila kumsalimu, hukubali kumsalimu bila kumpa kikombe, na kutoka Rwamishenye hadi Kishanda sijawahi kuona mtu usiyemjua. Basi linatumia saa mbili na kitu. Sisi tano. Yule mzee wa Kemondo, Ta Rutashobya, hutusubiri barabarani na kikombe chake mwenyewe mkononi. Nadhani ana ratiba ya shule yetu. Na wakati wanakunywa, unanitambulisha. Unawaambia kwamba mimi naota kwa Kiingereza, kisha unaniomba niwasemeshe. Baba Mdogo, mimi hata kwa Kihaya sina maneno ya kuwaambia watu. Mwezi wa nne walikuwa sita, wote wananitazama. Nilisema neno moja tu la Kiingereza, lile la maji, nikarudi nyuma ya pikipiki. Wakapiga makofi. Mpaka leo nikiyakumbuka yale makofi najifunika shuka.

4. Kuhusu dumu la mwezi wa sita. Hapa lawama yangu inakuwa nzito, naomba usome polepole.

Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika. Wewe na Shangazi mlikuwa nje mnafunga miche ya migomba uliyoitoa Maruku. Nililitazama lile dumu la barafu, nikalihurumia tumbo langu. Nikalitoa kwenye gunia, nikalirudisha kwenye friza, nikachukua jingine lililosimama kwenye friji gizani, lenye ubaridi wa kawaida ambao binadamu anauweza. Nikalivika gunia vilevile. Ni dhahiri kwamba barafu yako isingekuwa kali kiasi kile, nisingefanya hivyo. Kwa hiyo kosa la kwanza ni lako.

Tulipofika Kemondo ulifungua, ukanipa kifuniko nishike, kama kawaida. Juu yake palikuwa na msalaba, umechorwa kwa rangi ya kucha ya Shangazi. Yalikuwa maji ya baraka ya mkesha wa Pasaka, aliyomwekea Bibi anyunyizie kahawa na kibanja chake cha migomba. Nikafumba kiganja. Nilitaka kusema, Baba Mdogo, kweli nilitaka. Niliipanga sentensi kwa Kiswahili, nikaipanga upya kwa Kihaya, nikaona ile ya Kiswahili ilikuwa nzuri zaidi, na wakati huo Ta Rutashobya alikuwa kwenye kikombe cha tatu.

Muhutwe ukamsimamia Mwinjilisti Lameki, yule Mlutheri, anatoka msibani kwa miguu. Alikunywa vikombe viwili, akanawa uso, akakutania kwamba maji ya Wakatoliki ni matamu kuliko mahubiri yao. Ukamjibu, "Kunywa, ndugu yangu, maji hayana dhehebu." Mimi nimesimama hapo, nimeshika kifuniko.

Tulipokaribia Muleba ukaona matrafiki mbele, ukasimama, ukamalizia yaliyobaki kuoshea tope kwenye namba ya pikipiki. Hawakutusimamisha. Sijui niseme nini kuhusu hilo.

5. Kuhusu yaliyotokea nyumbani. Kumbe mchana Shangazi alilikosa dumu la baraka kwenye friji, akafurahi kwamba umekumbuka mwenyewe kumpelekea mama yenu, akampigia simu. Tulipofika Kishanda, Bibi alikuwa amesimama uani, amevaa kitenge cha kanisani, bakuli jeupe mkono mmoja na kijitawi mkono mwingine. Ukampa dumu. Akalitikisa. Akakutazama.

"Mujuni," akasema, "umembatiza nani?"

Ulijua kwamba wewe hukuligusa dumu la baraka. Ulikuwa umefunga barafu, na barafu haigeuki maji yote kabla ya Kemondo. Ulinigeukia mara moja tu, nikaangalia viatu. Kisha ukasema, "Nimekosea, Mama." Bibi akasema mtu asiyeweza kutofautisha maji na maji hawezi kukabidhiwa mjukuu wake, na toka siku ile, nasikia, hata chumvi ya dukani anamtuma mtoto wa jirani, wakati wewe na pikipiki yako mpo hapo hapo uani.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote. Hukuniuliza swali hata moja. Ungeuliza, ningepata nafasi ya kulia, na kwenye kilio labda maneno yangetoka. Badala yake ulilibeba kosa langu kama unavyobeba miche na dumu, ukakaza kamba, ukaondoka nalo. Mtu mzima hatakiwi kubeba kosa la mwenzake bila idhini ya maandishi. Mimi sikukupa. Na tangu hapo kila nikila nafikiri kwamba wewe umekaa nje kwenye ngazi, kama mtu aliyefukuzwa mezani.

KWA HIYO NAOMBA YAFUATAYO:

Maji baridi yapigwe marufuku kwenye pikipiki zote zinazovuka Kemondo kuelekea kusini. Mvua yetu ipewe kazi ya kuwanywesha abiria, maana ipo na haina kazi nyingine. Ta Rutashobya atafutiwe kisima. Kama ni lazima kubeba kitu, ibebwe chai kwenye chupa ya chai, na chupa hiyo aikumbatie dereva. Na abiria asiombwe kusema lugha yoyote akiwa njiani.

Usipokubali, basi nami nitakubaliana na Bibi, nitapanda basi, nikae dirishani, ambako hakuna anayenijua, hakuna anayenipa kifuniko nishike, na nitafika saa mbili na kitu baadaye bila kumsalimu mtu yeyote.

Msalimie Baba na Mama. Msalimie Consolata na umwambie kitabu chake ninacho, hakijapotea. Wasalimie wote wa kigangoni, na ukipita Muhutwe mpe Mwinjilisti salamu zangu, lakini usimweleze lolote. Shangazi naye anakusalimu. Hajui ninachoandika, anadhani ni kazi ya Uraia.

Ni mimi mlalamikaji, mwanao,
Evelyne Karugendo

Nyongeza.
Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Basi silitaki, Baba Mdogo. Jana jioni nilichukua simu ya Shangazi nikampigia Bibi, nikamwambia nani alibadilisha dumu. Nilisema sentensi nne. Hakufoka. Alisema kahawa imezaa hivyohivyo bila kunyunyiziwa, ila tusimwambie Padri. Akasema pia kwamba ruhusa ya pikipiki anairudisha, lakini kwa sharti moja. "Ulinyamaza kwa mdomo, kaombe radhi kwa mdomo. Barua sitaki kuisikia."

Kwa maana hiyo malalamiko yote ya hapo juu hayana kazi tena, lakini yamenichukua siku tatu, yasome tu. Shule inafungwa Ijumaa tarehe 5. Nimemwomba Shangazi atugandishie dumu, nikamwambia alijaze mpaka juu.

Jumapili baada ya misa nitakupigia. Sentensi nimeshaipanga. Ukipokea ukasikia kimya, ni mimi. Usikate.