Gare ya Kwanza ya Metro ya Kasongo

Mvua ya Kasongo ilimkamata Kamaldine ndani ya restora ya mama Léocadie, akiwa na shati moja safi, suruali iliyomzidi kiuno, na njaa ya mtu aliyezoea kula vizuri. Alikuwa ametoka Bukavu kwa sababu ambazo Bukavu yenyewe inazijua, na yeye hakupenda kuzieleza mezani.

Karibu yake alikaa Hippolyte, mwenye duka la sabuni na chumvi, akililia barabara ya Kabambare. Pikipiki yenye mali yake ilikuwa imelala huko Wamaza, matope mpaka kwenye kiti.

"Barabara ile haina dawa tena," Hippolyte akasema. "Imebaki tu mutu apite chini yake, kama panya."

Mkono wa Kamaldine, uliokuwa unapeleka sombe kinywani, ukasimama njiani. Wengine Mungu huwapa shamba, wengine huwapa sauti ya kuimba. Kamaldine alipewa masikio.

"Baba," akauliza polepole, "nani alikuambia?"

"Aliniambia nini?"

"Habari ya kupita chini. Ile haijatangazwa bado."

Kesho yake asubuhi akaonekana sokoni amevaa kofia ngumu ya njano, ya wahandisi. Alikuwa ameipata kwa dereva mmoja wa pikipiki, wakabadilishana na mkanda wake. Ndiyo maana tangu siku hiyo alitembea mkono mmoja mfukoni kushikilia suruali, na watu wakasema: tazameni namna wakubwa wanavyotembea.

"Inaitwa metro," akawaeleza. "Ni treni ya ndani ya udongo. Unaingia Kasongo, unafumba macho, unafumbua uko Kabambare. Mvua inapiga huko juu, wewe uko unakula karanga."

Mama Léocadie akanyoosha kidole. "Na mihogo yetu, Ingenieri? Mizizi haitaning'inia kwenye vichwa vya abiria?"

"Tulifikiria hiyo, mama. Abiria akiona muhogo umeshuka, hana ruhusa ya kuung'oa. Ni wa mwenye shamba."

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Serikali iliyofikiria mihogo, hiyo ni serikali ya kweli.

"Lakini treni haisimami ovyo," Kamaldine akaendelea. "Inasimama kwenye gare. Na kwa kuanza, Kasongo itapata gare moja tu. Ya pili itakuja mwaka 2045, pamoja na njia ya Kindu."

"Gare moja!" wakasema. "Na itakuwa kwa nani?"

"Bado tunapima."

Kusema haki, hakuomba kitu. Alipita tu na kamba yake, akapima mbele ya mlango wa mtu, akapiga magoti, akanusa udongo na kuguna. Huyo mtu hakumwacha aondoke mikono mitupu. Hippolyte alitoa beberu mnono. Mama Léocadie alileta mchele na mafuta ya mawese. Wengine wakaleta mbuzi, wengine kuku, kila mmoja kwa siri, na kila mmoja akilala usingizi wa mtu ambaye gare iko mlangoni pake.

Mali hiyo yote ilikaa kwa mama Hawa, mjane wa kule juu kilimani, aliyempangisha Kamaldine chumba cha nyuma. Mama Hawa alikuwa anakaanga mikate kila asubuhi, na hakuwa na haja ya gare. Alikuwa na neno lake moja tu. Chemchemi ilikuwa chini kabisa ya mteremko, na magoti yake yalikuwa yamezeeka kabla yake.

"Marehemu aliniahidi kisima," alimwambia Kamaldine, akitua bidoni ya maji, mkono kiunoni. "Wachimbaji si kazi kuwapata. Lakini wachimbaji wanakula, mutoto yangu. Mimi nitawalisha nini?"

"Pole, mama," Kamaldine akasema, akachukua mkate mwingine.

Yeye alikuwa na mipango yake. Barabara ikikauka kidogo tu, atawaswaga mbuzi wote mpaka Lusangi, kwenye machimbo. Huko watu wanachimba dhahabu, hawafugi, na nyama wanaitamani kama wagonjwa wanavyotamani kupona. Akiuza mbuzi wale, hatavaa tena suruali ya kushikilia.

Lakini mvua haikuwa na mpango wa kukoma, na watu wakaanza kuuliza mashine iko wapi.

"Mashine iko Kalemie, inangoja lori," Kamaldine akajibu. Wiki iliyofuata, lori lilikuwa limefika na daraja ndilo lililokosekana. "Ni retard, baba, kuchelewa tu. Msiogope retard. Umewahi kuona kazi ya uongo inachelewa? Mwongo anafika saa ileile! Kazi kubwa ndiyo inachelewa."

Hippolyte akafikiri, akaona ni kweli. Kazi zote kubwa alizowahi kuzisikia zilikuwa bado njiani. Hata hivyo beberu wake alimkaa rohoni.

"Ingenieri, mimi nataka kuona shimo," akasema. "Hata dogo. Nisipoona shimo, mbuzi yangu itarudi nyumbani. Njia inaijua."

Siku hiyo Kamaldine hakumaliza chakula chake. Mama Hawa, akigeuza mikate kwenye mafuta, alimwangalia kwa huruma.

"Si uchimbe kidogo, mutoto yangu? Hapa uwanjani kwangu. Watu waone udongo, roho zitulie."

"Nani atachimba, mama?"

"Sumaili, mutoto wa dada yangu. Iko Lusangi na vijana wake. Nikimuita, anakuja."

Kamaldine nusura ambusu mikono. Siku mbili za kurusha udongo, watu watulie, kisha yeye na mbuzi barabarani!

Sumaili akaja na vijana wenye mabega kama milango. Mji mzima ukapanda kilimani kutazama, na Kamaldine akawaambia hili ni shimo la kuonja udongo tu, gare bado inapimwa. Kabla ya kugusa jembe, Sumaili akauliza kwa sauti, "Shimo hii, PDG yake nani?"

Kwenye machimbo, PDG ndiye mwenye shimo. Kamaldine alikuwa ameitwa majina mengi maishani, mengine na polisi, lakini PDG, bado. Akainua mkono, ule usioshika suruali.

"Ni mimi!"

Watu wakapiga makofi. Mama Hawa alipiga kuliko wote.

Adhuhuri, vijana wakatoka shimoni, wakanawa, wakakaa mstari mmoja wakimtazama.

"Wanangoja nini?" Kamaldine akanong'ona.

"Wewe, PDG," Sumaili akasema. "PDG analisha vijana wake mpaka shimo ijibu, itoe kitu. Ndivyo tunavyofanya Lusangi. Hata mwizi anaheshimu hiyo."

Mbuzi wa kwanza akaanguka siku hiyohiyo. Kamaldine alimsindikiza kwa macho kama mzazi.

Siku ya tatu akajaribu. "Basi, vijana, imetosha. Watu wameshaona."

"Shimo haijajibu."

"Itajibu nini? Hapa hakuna kitu!"

"Ma-PDG wote wanasema hivyo wakianza kuchoka," Sumaili akamtuliza.

Kamaldine akakohoa. "Na PDG akiacha vijana shimoni, akaenda zake... huko Lusangi anaweza kuuza kitu? Nauliza tu."

"Hata kiberiti hawezi kuuza."

Basi akavaa kofia yake, akasimama kwenye kichuguu cha udongo mbele ya watu wote, akatangaza, "Habari toka Kinshasa! Kazi imesimama! Kuna retard!"

"Retard si kitu, PDG!" sauti ya Sumaili ikapanda kutoka chini. "Si ulisema ni alama ya kazi kubwa? Leo iko nini, mbuzi ama kuku?"

Watu wakashangilia. Hippolyte alifuta machozi ya furaha. Hakuwahi kuona serikali inalisha watu hivi. Na Kamaldine, aliyetaka kupeleka mbuzi Lusangi, akakaa chini akiangalia jinsi Lusangi ilivyokuja yenyewe kwa mbuzi.

Kuku wakaisha. Mchele ukaisha. Akabaki beberu wa Hippolyte, na siku alipokuwa chunguni, kelele zikatoka shimoni.

"PDG! Imejibu! Shimo imejibu!"

Kamaldine akaja mbio. Mtu aliyekuwa amedanganya mji mzima juu ya shimo, sasa aliliamini shimo lile kwa roho yake yote. Akajitupa tumbo ukingoni, kichwa ndani.

"Dhahabu?"

"Maji!"

Mama Hawa akapiga kigelegele kilichosikika mpaka sokoni.

Kisha wakagawa, maana kinachotoka shimoni lazima kigawanywe. Mwenye udongo akapata sehemu yake. Wachimbaji wakapata yao, wakampa mama wa watu wote, mama Hawa. PDG naye hakudhulumiwa. Sumaili alimjazia bidoni mpaka mdomoni, akaifunga vizuri. Kofia ya njano ikatobolewa pembeni, ikafungwa kamba, ikashuka kuteka.

"Mama," Kamaldine akasema, "ulijua?"

"Mimi nilijua kitu kimoja tu, mutoto yangu. Wachimbaji wanakula. Na wewe ulikuwa na mbuzi."

Akamfungia mikate ya moto kwenye jani la mgomba. "Ya njiani. Hii haigawanywi."

Kamaldine akashika njia ya Kabambare kwa miguu, mikate kwapani, bidoni mkono huu, suruali mkono huu. Nyuma yake wanawake walikuwa wameshapanga mstari mpaka barabarani, na sauti ya Hippolyte ilimfikia waziwazi.

"Sasa mama Hawa, tuambie. Gare iko hapa kwako, ama hapana?"

"Si unaiona, baba? Gare iko. Treni ndiyo iko na retard. Sogeza bidoni yako, unafungia watu njia."