Ombi la Kurudishiwa Beringi Mbovu

Kang'ethe, Karani Mstaafu wa Mahakama,
Gilgil.

Kwa Ndugu Bashir, Fundi wa Baiskeli,
Nakuru.

Ndugu Fundi,

YAH: BERINGI YA PEDALI INAYOKATAA KUHARIBIKA

Nakusalimu kwa heshima zote, kisha naomba uketi, kwa sababu barua hii ni ya kukulaumu. Kwa miaka ishirini na tisa nilipokea malalamiko ya watu kwenye dirisha la mahakama na kuyagonga muhuri. Leo ni zamu yangu kulalamika, na nakiri nina furaha isiyo ya kawaida.

Wewe ni shahidi kwamba baiskeli yangu haipumziki. Jumatatu nakuja Nakuru, Alhamisi naenda kula vumbi la Ndabibi, na Jumamosi mimi na mke wangu Wangeci, kila mmoja na baiskeli yake, tunateremka Naivasha na kupanda tena. Ndiyo maana kwa miaka miwili nilimaliza beringi nne za pale katikati, zile zinazobeba ekseli ya pedali. Jumamosi ilikuwa inalia krii-krii, Jumatatu unaikaza, Jumamosi inalia tena.

Mwezi wa pili nikaja kwako kuomba inayodumu. Mimi niliipenda ile nyepesi ya rangi ya dhahabu. Ukaninyang'anya, ukasema, "Mzee, hiyo ni ya kupiga picha. Wewe na hiyo vumbi ya Ndabibi unataka chuma." Ukapima fremu, ukanieleza kwa nini inayofungwa kwa thredi, yaani kuzungushwa kama skrubu, inaishinda ile inayogongwa tu ikaingia, ukanionyesha gololi za chuma na raba nene za kuzuia maji. Ulipomaliza kuifunga ukasema, "Hii itakuzika, boss." Nilicheka. Sikujua nimesomewa hukumu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Beringi hailii. Nimeendesha zaidi ya kilomita elfu mbili na haijatoa hata kikohozi.

2. Kimya hicho kimenivua nguo hadharani. Zamani, mlima wa kutoka Naivasha ukinishinda, nilikuwa nashuka, nainama, natega sikio kwenye pedali kama daktari. Kila mtu alijua Kang'ethe ana miguu, ila ana beringi mbovu. Sasa beringi ni nzima na imebainika mgonjwa ni mimi. Juzi kijana wa boda boda alipunguza mwendo kando yangu akauliza, "Mzee, uko sawa ama nikubebe na hiyo baiski?" Nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa tayari imefungwa.

3. Wangeci haningojei tena. Hapa, Ndugu Fundi, naomba usome polepole. Beringi ikilia, alikuwa anasema, "Wacha tusimame uiangalie." Tunaketi kwa Akoth, mama wa mahindi ya kuchoma, hapo katikati ya mlima. Naigusa beringi mara mbili ili ionekane nimefanya kazi, kisha tunavunja hindi moja nusu kwa nusu na tunaongea. Nyumbani hatuongei. Nyumbani tunaulizana kama geti limefungwa. Ni pale kwa Akoth niliposikia kwamba anaogopa kuzeeka, na ni pale nilipomwambia kwamba siku ya kustaafu nilijifungia chooni nikalia. Siku hizi anapanda mlima bila kugeuka, nami natazama koti lake la kijani likizidi kuwa dogo. Ninaumia, na sioni haya kuandika kwamba ninaumia.

4. Akoth ameniuliza kama tumeachana.

5. Kabla ya kukushtaki nimejaribu kujisaidia. Nimeipitisha beringi yako mtoni. Nimeipiga kwa ile mashine ya maji ya kuoshea malori. Nimeiacha nje siku tatu za mvua. Nimeimwagia vumbi la Ndabibi kwa kijiko. Kwa kijiko, Bashir! Inazunguka vizuri kuliko siku ulipoifunga.

Unaona mambo yanakoelekea. Beringi ikidumu, sisimami. Nisiposimama, siongei na mke wangu. Nisipoongea naye, ndoa ya miaka thelathini na moja inavunjika, na wa kujibu ni wewe, kwa kosa la kuuza kitu kizuri bila kumwonya mnunuzi.

Kwa hayo yote naomba mojawapo ya haya:

(a) unirudishie beringi yangu ya zamani, pamoja na kilio chake chote;

(b) ikiwa uliitupa, unitafutie nyingine iliyomshinda mtu mwingine, hata ya mkokoteni;

(c) ikiwa dhamiri yako ya ufundi haikuruhusu, uniandikie cheti kwamba beringi hii, ijapokuwa inaonekana nzima, ni mgonjwa wa ndani na lazima ipumzishwe nusu saa kila Jumamosi katikati ya mlima.

Msalimie Ruqaiya wako na watoto, uwasalimie na mafundi wenzako wote wa hapo, hata yule aliyenicheka nilipoichagua ya dhahabu. Pokea heshima zangu zote, ukiondoa ile iliyobaki mlimani.

Mimi mlalamikaji,
Kang'ethe

N.B. Bashir, ni Wangeci, bibi ya Kang'ethe. Amenipa bahasha nikaipeleke stage ya matatu za Nakuru akisema nisifungue, kwa hivyo nimefungua. Usimrudishie ile beringi ya zamani, haikuwa mbovu. Hata hizo zingine tatu hazikuwa mbovu. Kila Ijumaa akienda mkutano wa kanisa, nilikuwa nachukua spana nailegeza kidogo, ndio Jumamosi ilie, ndio asimame, maana huyu mzee hawezi kusimama mahali bila sababu. Hii yako mpya imekataa kabisa, nimevunja kucha mbili. Na nikipanda huo mlima bila kugeuka, ni vile nimekasirika na machozi yananitoka, kwa sababu nilidhani kama beringi imepona na haniombi tena tusimame, basi yeye ndiye hataki tena kukaa na mimi. Nitumie chombo chenye kinaweza kuifungua, upatie dereva wa hii hii gari akirudi leo jioni. Kesho kutwa ni Jumamosi.