Wimbo wa Baiskeli Yangu

Jumatatu, 2 Julai 1951
Siku kubwa! Bwana Dhirajlal, mwenye duka la santuri pale Majengo, Dodoma, amepata mashine ya kunasa sauti. Sahani tupu za kunasia zilikuja sita kwa treni, tano zimepasuka. Iliyobaki ataijaza Alhamisi, aipeleke Nairobi zikatengenezwe santuri nyingi za kuuza. Nimemwambia asihangaike kutafuta watu. Babu alipiga zeze, Baba anapiga zeze, Mama kwa ngoma za muheme hana mpinzani, dada yangu Ruthu anaimba. Mimi sipigi chochote, kwa hiyo ndimi mtunzi na msimamizi. Jina langu litaandikwa katikati ya santuri!

Jumanne, 3 Julai
Binamu yangu Elieza naye kaenda dukani na gitaa lake. Gitaa lina nyuzi nne tu, lakini Elieza ana suti. Bwana Dhirajlal amesema atakayewahi Alhamisi saa tatu ndiye atakayenaswa. Nimemwambia Elieza imeahirishwa hadi Ijumaa. Mungu anisamehe.

Jumatano, 4 Julai
Mazoezi nyumbani, Mvumi. Wimbo wangu unasifu baiskeli yangu, beti kumi na moja. Sahani inabeba dakika tatu. Nimekata beti nane, roho ikiniuma. Baiskeli sasa haina kengele wala taa. Baba akauliza watakaosikiliza ni wangapi. Nikajibu kwa majivuno kwamba ni maelfu, Dodoma hadi Nairobi. Akaenda kutafuta shuka lake zuri. Nikajua wimbo umemwingia.

Alhamisi, 5 Julai
Nianzie wapi? Tuliwahi. Sindano ikashuka, nikampa Baba ishara. Akasogelea kipaza sauti, akasema mbukwenyi, kama tunavyosalimia watu wengi kwetu Ugogo. Akangoja waitikie. Akauliza hali ya watoto, akangoja. Ng'ombe, akangoja. Mtama, wagonjwa, waliosafiri. Nilipunga mikono, nikapiga magoti. Mama hakugusa ngoma, maana mzee akisalimia watu nani atapiga ngoma? Mwishowe zeze likalia mara moja, nywii, sahani ikaisha. Baiskeli yangu haikutajwa hata tairi.
Njiani nikamlaumu. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuingia nyumba za watu elfu nzima na kuanza kuimba bila salamu. Nililia kidogo.

Jumamosi, 7 Julai
Bwana Dhirajlal aliipiga sahani dukani ili Elieza anicheke. Wagogo waliokuja kuuza karanga wakatua magunia, wakaitikia! Kila Baba aliponyamaza, waliitikia. Bibi mmoja akaeleza ugonjwa wa ndama wake wote, akasema huyu mzee kalelewa. Wakaomba irudiwe mara tisa. Sahani imeondoka na treni ya jioni, jina langu juu yake, nimeliona kwa macho yangu! Bwana Dhirajlal anaagiza sahani nyingine, anamtaka Baba tena.

Jumapili, 8 Julai
Nimetafakari kanisani wakati wa mahubiri, nimegundua siri. Watu walivutwa na ile nywii ya mwisho. Beti zote kumi na moja zinarudi, kengele na taa. Kuhusu salamu nimeshajipanga: nimemwambia Baba safari hii atakayemsikiliza ni mtu mmoja tu, ndugu yetu. Akauliza ni nani. Kwa haraka nikamtaja Elieza. Baba amefurahi mno. Anasema ana siku nyingi hajamwuliza Elieza habari za mama yake, za shamba, na za yule ng'ombe aliyepotea. Tangu hapo yuko nje anakaza uzi wa zeze, anatabasamu peke yake. Mzee ameipenda baiskeli.